Miaka Yangu kwenye Simu ya Theluji

Siku ya kwanza kazini nilipewa kiti, simu, na koti la mtu aliyeacha kazi kabla yangu. Koti lilikuwa la lazima. Ofisi ya chama cha wapanda milima ilikuwa chini kabisa ya jengo moja karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi, na mlango wake haukufungika sawasawa. Nje ilinyesha mvua ya Brussels, mvua isiyo na haraka. Mkuu wa ofisi, ambaye sisi sote tulimwita Bwana Katibu, alinionyesha mashine ya faksi na mashine ya kujibu simu, akasema, "Kazi yako, Bibi Zaina, ni kuwaambia watu wa mvua habari za theluji."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa kukosa akili wala kwa kukosa mtu wa kunisomesha, bali miguu yangu haikujua kutulia. Nilivuka ziwa kwenda Uvira, nikakaa Bujumbura nikiuza vitenge na kujifunza Kifaransa cha sokoni, kisha nikaja Ulaya nikiwa yaya wa familia moja ya kibalozi. Familia ikahamishwa, mimi nikabaki. Nimekunja mashuka ya hoteli, nimefunga maua, nimemsomea magazeti kipofu mmoja. Kila kazi niliiacha nilipomaliza maswali yangu. Ya theluji sikuiacha, kwa sababu maswali yake hayakuisha.

Nyinyi vijana mnagusa kioo cha simu na milima yote inajieleza. Miaka ile ya tisini haikuwa hivyo. Mtu wa Brussels aliyetaka kujua hali ya milimani kabla ya safari alipiga namba yetu, akasikia sauti yangu kwenye kanda. Kila asubuhi faksi ilitema karatasi kutoka vituo vya milima ya Alpi: theluji mpya imeanguka kiasi gani, upepo umevuma kutoka wapi, baridi imefika wapi, na mwisho, namba ya hatari. Mimi nilizifupisha karatasi zile zikawa maneno ya dakika chache, nikayasema ndani ya mashine, nikafuta ya jana.

Hatari yenyewe ni poromoko. Theluji hailali mlimani kama rundo moja la unga. Inalala matabaka kwa matabaka, kila mnyesho na tabaka lake, na kila tabaka lina tabia yake. Tabaka la chini likiwa dhaifu na la juu likiwa gumu, la juu linakaa pale kama kigae juu ya mchanga mkavu. Hilo gumu tuliliita bamba. Mara nyingi hujengwa na upepo, unaoichota theluji upande mmoja wa mlima na kuishindilia upande wa pili. Mtu akipita juu yake, uzito wake unaweza kulivunja, na mteremko mzima ukaondoka naye.

Namba za hatari zilikuwa moja mpaka tano, na kipimo hicho kilikuwa bado kipya wakati ule. Moja ni utulivu, tano ni kukaa ndani. Ugomvi wetu wote ulikuwa kwenye tatu. Watu wa nchi tambarare waliisoma tatu kama alama ya shule. Papa Célestin, Mkongo wa Bukavu aliyeendesha basi letu la safari, alikuwa wa kwanza kunibishia.

"Maman Zaina, trois juu ya cinq, ile iko moyenne, katikati tu. Mutoto akileta trois juu ya cinq nyumbani, unamupika?"

"Simpigi."

"Alors? Weye unaogopeshaka batu bure."

"Papa Célestin, breki za basi lako zikishika mara tatu katika tano, utawabeba watu?"

Alijikuna shingo. "Ah non. Ile mfano iko mubaya. Usiseme mambo ya breki asubuhi, maman, mie niko na safari."

Lakini wateja hawakuwa na mimi mezani ili niwaeleze breki. Walinisikia, wakakata. Hiyo ndiyo kazi iliyonifundisha upweke wa aina ambayo sikuijua hata nilipokuwa mgeni kabisa. Nilisema na watu wengi kila siku na hakuna aliyenijibu. Kijitaa cha mashine kiliwaka mtu alipopiga, kikazimika alipokata, na wengine walikata kabla sijafika kwenye namba. Jioni moja ndani ya tramu, nikirudi chumbani kwangu Ganshoren, vijana wawili walisimama mbele yangu wakiigiza sauti yangu, kile Kifaransa changu cha Bujumbura chenye kuvuta mwisho wa maneno. "Hatariii... tatuuu." Walicheka mpaka wakashika nguzo. Nilitamani kuwaambia kuwa ni mimi. Nilitazama dirisha mpaka wakashuka.

Msimu wa pili Bwana Katibu aliniita. "Unasema habari za theluji kama mtu anayesoma barua ya jirani," aliniambia. "Nakupeleka kwa Mwangalizi. Ukae naye majira ya baridi haya, halafu urudi."

Mwangalizi ndiye mtu wa kituo, anayeishi juu na kuipima theluji kila siku. Huyu wangu alikuwa mzee mkavu mwenye ndevu zilizoungua jua, na maneno yake aliyatoa kama mtu anayetoa miiba. Nyumba ya kituo ilikuwa na jiko la kuni, vitanda vya mbao, na dirisha lililotazama weupe. Siku ya kwanza alinipa beleshi akaniambia nichimbe mpaka nione ardhi.

Shimo likishachimbwa, ukuta wake mmoja hunyooshwa vizuri, nao unakuonyesha majira yote ya baridi tangu mnyesho wa kwanza. Ugumu wa kila tabaka hupimwa kwa mkono. Kama ngumi nzima inaingia bila kulazimishwa, tabaka ni laini sana. Kama ngumi inagoma, unajaribu vidole vinne, kisha kidole kimoja, kisha penseli, kisha kisu. Nilidhani ni mchezo. Nikaanza kumweleza ninavyofikiri kuhusu tabaka la juu.

"Usiniambie unachofikiri," alisema Mwangalizi. "Niambie mkono wako umeingia wapi."

Chini kabisa, karibu na ardhi, mkono wangu uliingia wote. Nilipoutoa, kiganjani kulikuwa na punje kubwa zinazong'aa, zisizoshikana, kama sukari iliyomwagika. Alinieleza kuwa theluji ikiwa kidogo na baridi ikidumu, ardhi hubaki na joto lake huku hewa juu ni barafu, na tofauti hiyo huzila punje za chini na kuzijenga upya, kubwa na zisizo na undugu. Watu wa Brussels walidhani baridi huigandisha theluji ikawa imara. Nami nilidhani hivyo. Baridi kali ya muda mrefu ndiyo iliyokuwa ikitengeneza sukari ile.

Siku moja mchana tulivuka uwanda, mahali pa tambarare kabisa, na chini ya miguu yetu kukatoka sauti. Si ya kupasuka. Wuuf, kama mtu mzito anayejitupa kitandani, na theluji yote iliyotuzunguka ikashuka kidogo, mara moja. Nilihisi tumboni kabla ya masikioni. Ufa mwembamba ulikimbia mbele yetu ukapotea.

Mwangalizi alisimama. "Umeisikia?"

"Ni nini?"

"Nguzo, ile sukari ya chini, zimevunjika, paa limekaa. Hapa ni tambarare, limekaa tu. Kwenye mteremko lingeondoka." Akanitazama. "Theluji ikiguna, huhitaji namba ya mtu."

Maisha ya juu yalikuwa ya kimya. Mwangalizi alinionyesha kibla kwa dira ileile tuliyotumia kujua mteremko unatazama upande gani, na hiyo nadhani ndiyo zawadi kubwa aliyokuwa nayo. Baada ya hapo tungeweza kukaa siku nzima bila neno. Usiku niliota sauti za soko la Kigoma, nikaamka nikisikia jiko tu. Nilipoondoka alinishika mkono, akasema, "Ulichimba vizuri." Sikumwona tena.

Niliporudi Brussels, Bwana Katibu alinikabidhi simu ya asubuhi. Hii ilikuwa kazi tofauti na kanda. Chama chetu kilikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine. Kila kundi letu lililolala kwenye nyumba za wapandaji kule juu, kabla ya kutoka nje ya njia zilizolindwa, lilipaswa kupiga simu ofisini. Mtu wa ofisi alisoma taarifa ya siku. Kiongozi wa safari akairudia kwa maneno yake: namba, miteremko inayotazama upande gani, kuanzia kimo gani, na udhaifu uko tabaka gani. Akirudia sawasawa, ofisi ilijibu neno moja: "Nendeni." Bila neno hilo kundi halikutoka. Waasisi wa chama waliiweka kanuni hiyo ili kiongozi asifanye mambo na usingizi machoni. Mimi na Bwana Katibu tu ndio tulioruhusiwa kulitamka.

Sasa nawaambia asubuhi iliyonibakia.

Ilikuwa wiki ya likizo ya karnivali. Katika nchi ile shule zote hufungwa pamoja, kwa hiyo watu wote huenda milimani wiki moja, na mwaka mzima wameisubiri. Wanakwenda na kalenda. Papa Célestin alikuwa amelipandisha kundi letu kubwa, na kiongozi wao alikuwa mtu hodari, mwenye sauti ya kengele, aliyeijua milima tangu utoto kwa baba yake. Mpango wao ulikuwa kuvuka mteremko mmoja mpana na kufika nyumba ya pili, na kutoka hapo kuzunguka kilele. Bila kuvuka mteremko ule, safari haikuwapo.

Simu iliita mapema. Nilisoma taarifa, naye akarudia.

"Hatari ni tatu. Miteremko ya kaskazini na mashariki, kuanzia juu ya msitu. Bamba la upepo juu ya theluji dhaifu ya zamani. Nimemaliza, Bibi."

Alikuwa sahihi kila neno. Nilishafungua mdomo. Lakini nyuma yake nilisikia watu wakicheka, na mmoja akifanya "Wuuf! Wuuf!" kama mbwa.

"Wanacheka nini?" niliuliza.

"Aa, utani. Jana tulipotoka kidogo nyuma ya nyumba theluji ilikuwa inaguna chini ya miguu. Wanasema tuna mbwa anatufuata chini kwa chini. Wameshampa jina."

"Mteremko mnaovuka unatazama wapi?"

"Mashariki. Nitawapitisha mmoja mmoja. Kila mtu ana kifaa chake cha mawimbi, ana beleshi, ana fimbo ya kutafutia."

Vifaa hivyo ni vya kumtafuta aliyekwisha kufukiwa. Nilijua hilo naye alilijua.

"Bwana Kiongozi," nikasema, "neno silisemi."

"Sijarudia vizuri?"

"Umerudia vizuri sana."

"Basi kanuni imetimia."

"Imetimia. Silisemi."

Kisha sauti ya kengele ilishuka. "Bibi, wewe uko chini ya nyumba huko Midi na mvua inanyesha. Mimi nimesimama mlangoni, anga ni buluu, mteremko nauona. Unauona wewe?"

"Siuoni."

"Nipe Katibu."

Bwana Katibu alikuwa ameshaingia, mwavuli ukidondosha maji sakafuni. Nilimweleza kwa maneno machache. Alichukua simu, akamsikiliza yule bwana kwa muda mrefu, kisha akaikandamiza kifuani ili asisikike.

"Amerudia?"

"Amerudia."

"Na una uhakika utaporomoka?"

"Sina."

"Zaina, watu hawa wana wiki moja kwa mwaka."

"Najua."

"Kama ni kuogopa, sema unaogopa. Haina aibu."

"Naogopa," nikasema. "Lakini nimewahi kusimama juu ya sauti hiyo. Wewe umewahi?"

Bwana Katibu alikuwa na uwezo wa kulitamka lile neno mwenyewe. Sauti ya kiongozi ilisikika ndogo kutoka ndani ya koti lake, kama ya mtu aliyefungiwa sandukuni. Alitazama maji ya mwavuli wake yakitafuta njia kwenye vigae. Mwisho aliipandisha simu mdomoni.

"Leo hapana," akasema, akakata. Akanirudishia simu bila kunitazama. "Kesho utamwuliza tena."

Mchana taarifa ilitufikia. Kundi jingine, watu wa nchi nyingine, waliokuwa wamelala nyumba ileile, walivuka mteremko ule wakiimba. Wakafika. Kesho yake wakavuka wengine. Wetu waliwatazama kutoka dirishani.

Na kila asubuhi kiongozi wetu alipiga, kama kanuni ilivyotaka, akarudia taarifa bila kosa, nami nikamwuliza, "Mbwa yuko?"

Angeweza kunidanganya. Neno moja tu, "hayuko," na wangekuwa njiani. Kila asubuhi nilisikia pumzi yake kwanza, kisha akasema, "Yuko."

"Basi leo hapana."

Hivyo mpaka wiki ikaisha. Anga ilibaki buluu, na mteremko ukabaki mahali pake, umechorwa nyayo za watu wengine kama kitenge.

Basi lilirudi Jumapili asubuhi, soko la Midi likiwa limeshafurika, harufu ya kuku wa kuchoma na mnanaa imefika mpaka kituoni. Nilikwenda kuwapokea. Sikulazimika, lakini nilikwenda. Walishuka na mizigo yao mikavu. Dada mmoja alisimama mbele yangu.

"Ndiye wewe wa simu?"

"Ndiye mimi."

"Nimejifunza michezo yote ya karata. Asante sana."

Wengine walipita. Kiongozi alipita mwisho. Alivua kofia, akaivaa tena, akaenda zake. Nilibaki na Papa Célestin, aliyekuwa akifunga mlango wa mizigo kwa teke.

"Sept jours, maman! Siku saba bananilalamikia miye, kama vile ni miye nilifunga mulima na kufuli. Weye ulisikia nini kwa ile telefone?"

"Mbwa."

"Mbwa gani tena?"

Nilimweleza. Alisikiliza akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Bon," akasema. "Nilipeleka batu, nimerudisha batu. Miye chauffeur. Kwangu calcul iko juste." Akaninunulia nusu kuku, akala yeye mwenyewe sehemu kubwa.

Kwa wengine hesabu haikukaa sawa. Halmashauri ya chama ilikutana, na kanuni ikabadilishwa: mtu wa ofisi atasikiliza, na kiongozi akirudia sawasawa, neno litatolewa. Sikufukuzwa. Nilihamishiwa stoo ya viatu na kamba, nyuma kabisa, ambako mtu huingia akijua namba ya mguu wake na kutoka. Bwana Katibu alistaafu mwaka uliofuata. Siku ya kuaga alifika stoo, akasimama katikati ya viatu, akasema, "Ningeweza kulisema lile neno." Nikamjibu, "Ungeweza." Tulipeana mikono. Sikujua kama alikuwa akijuta au akishukuru, na sikumwuliza, mimi niliyeuliza kila kitu maisha yangu yote.

Baadaye kanda ikafungwa kwa kuwa kompyuta zilikuwa zimefika. Mimi niliendelea na viatu mpaka uzee ukaniondoa. Miguu ile isiyotulia ilikaa kwenye kazi moja muda mrefu kuliko kazi zote zilizotangulia zikijumlishwa, na nimejiuliza kwa nini. Nadhani nilikuwa nikisubiri jibu. Mwokaji mikate anauona mkate wake. Fundi wa viatu anaviona vikitembea barabarani. Katika kazi yetu, ukikosea kwa kuruhusu, jibu linakuja siku hiyohiyo na kengele zinalia bondeni. Ukizuia, hakuna kinachokuja. Mteremko uliovukwa na wengine wakiimba ungeweza kuondoka na wetu, mtu wa tano au wa mwisho, mahali bamba lilipokuwa jembamba na rahisi kuvunjika. Au usingeondoka kamwe. Vijana mnaoingia kazi za namna hii, za kuzuia, mjue kwamba mtakaa peke yenu na swali hilo, na hakuna mkuu atakayewasaidia kulibeba.

Mwaka jana nilikuwa hospitali kule Woluwe kwa ajili ya goti. Kwenye benchi la kusubiria alikaa mzee mrefu mwenye fimbo, akilalamika kwa sauti kuhusu kahawa ya mashine. Sauti niliijua kabla ya sura. Kengele ilikuwa imepasuka kidogo, lakini ni ileile.

Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni nani. Alinikodolea macho.

"Wewe," akasema. "Wewe uliyenifungia ndani wiki nzima."

"Ndiye mimi."

"Nimeufikiria mteremko ule miaka yote hii. Wale wengine walipita, Bibi. Wote walipita."

"Walipita."

"Bado nasema ulikosea."

"Huenda," nikasema. "Na mbwa, kwa nini hukunidanganya?"

Alizungusha fimbo yake mikononi.

"Kwa sababu uliuliza," akasema.

Tulikaa. Aliniambia habari za wajukuu, za yule dada wa karata ambaye sasa ana duka la maua, za mwingine aliyehamia pwani. Aliwataja karibu wote wa kundi lile, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa mahali fulani akifanya jambo fulani, na kila mmoja alikuwa na kasoro iliyomuudhi. Nesi akamwita. Aliinuka kwa tabu, akakataa mkono wangu, akaondoka kwenye korido akiendelea kumweleza nesi ubaya wa ile kahawa. Nilimsikiliza mpaka mlango ulipofungwa.